Fundi wa Bei Rahisi Atakumaliza: Hapa Ndipo Doo Zako za Plasta Hupotelea

Msee, kama unajenga keja ama unamtengenezea mathe nyumba ushago, unajua saa hii simiti si mchezo. Kila mtu analia. Na tukishalia, tunamrukia fundi. Anasema plasta ya nyumba nzima ni thao 40, tunamshusha mpaka 30. Akikubali, tunajiona tumechanuka.

Hapo ndipo unachezwa.

Tuanze na hii bei. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru wa 17.5% kwa klinka inayotoka nje. Klinka ndiyo inasagwa kuwa simiti. Serikali ilisema inataka viwanda vya hapa vijitengenezee klinka. Sawa, lakini kiwanda kilichokuwa kinanunua nje hakimezi hiyo gharama, kinakupitishia wewe. Juu yake kuna VAT ya 16%. 2024 tuliingia barabarani, mswada wa mwaka huo ukatupwa, lakini sheria ya 2023 ikabaki: Mahakama ya Rufaa iliifuta Julai, Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba. Kwa hivyo kila mfuko unaopotea kwa mjengo wako, unapotea na ushuru umeshalipa.

Sasa piga hesabu na mimi. Chumba cha mita 3.6 kwa 3, ukuta wa mita 2.7 kwenda juu. Ukitoa mlango na dirisha, unabaki na kama mita mraba 32. Plasta ya ndani inafaa iwe milimita 12 hadi 15. Kwa 15, simiti moja kwa mchanga nne, hicho chumba kinakula karibu mifuko minne ya kilo 50. Lakini kama fundi wa mawe alikuachia ukuta umepinda, wa plasta lazima ajaze mpaka 30 ndio unyooke. Hiyo sasa ni mifuko minane. Vyumba vinne, umepoteza mifuko 16. Mfuko ukiwa 750, hiyo ni thao 12, na bado hujahesabu mchanga. Wewe ulikuwa unapigania thao 10 za fundi.

Na fundi uliyemkata bei hapotezi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, nikaenda mjengo kama mtu wa mkono. Site moja mwenye nyumba alimshusha fundi mpaka akanyamaza. Ukiona fundi amenyamaza, jua ameshapata njia. Tulikuwa tunachanganya karai nane za mchanga kwa moja ya simiti, na jioni mfuko unapanda boda. Miezi mitatu baadaye, ukipitisha mkono kwa ukuta unamwaga mchanga. Jamaa alibomoa yote, akalipa upya. Mimi ndiye nilikuwa nabeba hizo karai. Nilijua na nikanyamaza, juu nilitaka soo saba zangu za siku.

Kwa hivyo fanya hivi.

Kabla hujaongea bei, vuta uzi kwa ukuta na uangushe timazi. Bado una deni la fundi wa mawe? Usimalize kulipa kabla ya hiyo kupimwa. Pale alipopinda, arekebishe yeye.

Patana kwa mita mraba, si kwa siku. Ya siku itavutwa mpaka Krismasi. Lakini ya mita ina haraka zake, so lipa kwa awamu, na uweke kitu kidogo ya mwisho. Kabla ya kuitoa, gonga ukuta na kidole. Ukilia kama debe tupu, plasta haijashika.

Nunua simiti mwenyewe, ya siku mbili tatu tu. Iweke juu ya mbao, isiguse sakafu. Jioni hesabu mifuko mitupu. Kama hauko, mtu wako atume picha.

Mchanga usugue kwa kiganja. Ukiacha tope, rudisha lori. Mchanga wa udongo ndio huleta nyufa.

Fundi wa stima amalize paipu zake kwanza. Kuchimba plasta mpya ni kulipa mara mbili.

Halafu maji. Plasta ikishika, imwagie kila siku kwa siku saba. Ikikauka haraka inapasuka, hata kama simiti ilikuwa ya kutosha.

Bei ya simiti huwezi kuishusha wewe. Mifuko inayoingia kwa ukuta unaweza kuihesabu. Hizo thao 10 mwachie fundi, umwambie mapema kwamba utakuwa unahesabu mifuko kila jioni. Mwenye anajua kazi hatakasirika.