Baiskeli kuukuu yafaa kuingia darasani

Ni ajabu kwamba katika Mji wa Kale wa Mombasa mlango wa mbao uliochakaa hutafutiwa fundi, ilhali baiskeli iliyoota kutu hutupwa jalalani. Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011, na hapana anayebisha kwamba ilistahili. Hata hivyo, urithi si mawe na mbao pekee. Ujuzi wa mikono nao ni urithi, na vivyo hivyo lugha inayouandama ujuzi huo. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kila shule ya kisiwani yapaswa kuwa na baiskeli moja mbovu, na wanafunzi waachiwe kuifufua.

Baiskeli ninayoikusudia ni ile nzito, ya magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Kuna za Raleigh zilizotoka Nottingham, Uingereza, za Hero kutoka India na za Phoenix kutoka China. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002, lakini fremu za aina hiyo hazifi upesi. Adui yake mkubwa huku pwani ni hewa ya chumvi, na adui huyo hushindwa kwa bidii kuliko kwa fedha.

Kwanza fremu ichunguzwe. Ikiwa na ufa kwenye maungio, afadhali iachwe na kutafutwa nyingine. Ikiwa nzima, kutu iondolewe kwa msasa, mnyororo na gololi zioshwe kwa mafuta ya taa mbali na moto, kisha zitiwe grisi. Fedha chache zilizopo ziende kwenye breki, tairi na mipira. Rangi, kengele yenye mlio wa kuvutia na madigadi yenye maandishi vije mwisho. Sina ugomvi na urembo, kwani mtu hukitunza zaidi kitu alichokipa sura yake mwenyewe. Lakini anayeanza na rangi na kuzisahau breki atapata uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Faida ya kazi hii kwa mwalimu wa Kiswahili ni kubwa. Baiskeli moja hukusanya ngeli kadhaa: mnyororo umo katika U-I, gurudumu katika LI-YA, kiraka katika KI-VI, na breki katika I-ZI. Kauli ya kutendua, inayowasumbua wanafunzi wengi kwenye karatasi, hapa huonekana kwa macho: nati hufungwa na kufunguliwa, kiraka hubandikwa na kubanduliwa, waya huchomekwa na kuchomolewa. Aidha, neno usukani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la mabaharia kabla ya kupanda barabarani. Nahodha wa jahazi na mwendesha baiskeli wanashika neno moja. Mwanafunzi atakayeligundua hilo hatasema tena kwamba Kiswahili ni lugha ya kukopa tu, kwani ataona jinsi kilivyolipa neno la zamani kazi mpya.

Pana jambo jingine linalonikera. Baadhi yetu wasomi huketi ofisini tukibuni istilahi, huku fundi aliye chini ya mwembe akiwa nazo tele. Wapo wanaosema njiti na wapo wanaosema spoku. Wapo wa mnyororo na wapo wa cheni. Mwanafunzi anayeandika cheni hakatwi alama kwa sababu hakueleweka, bali kwa sababu hakuna aliyekwenda kumsikiliza fundi. Tukumbuke kwamba ni papa hapa Mombasa, mwaka 1928, mkutano ulipoteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikawekwa kando. Faida za usanifishaji sizikani. Lakini mtaa wetu bado unaitwa Ndia Kuu wala si Njia Kuu, ushahidi kwamba lugha ya wenyeji haifutwi kwa azimio la mkutano. Basi na tusiiweke kando lugha ya gereji kama tulivyoiweka ile ya Mvita.

Watakaonipinga watasema kwamba mtoto wa leo anahitaji kompyuta, na kwamba baiskeli ni chombo cha wanyonge. Ninawajibu kwamba anayeweza kutafuta chanzo cha hitilafu katika kitu kinachoonekana amekwisha kujifunza nusu ya kuitafuta katika kisichoonekana. Watasema pia kwamba Barabara ya Digo, pamoja na matatu na tuktuki zake, si mahali pa mtoto mwenye baiskeli. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuidai njia ya baiskeli serikalini. Nani ataidai ikiwa hakuna aliyebaki na baiskeli?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unataka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Walimu wananung'unika, tena kwa haki, kwamba vifaa havijafika. Walimu wenzangu, kifaa kimoja kimelala uani kwa jirani, kimefunikwa gunia. Kiombeni. Mwiteni fundi wa mtaani aje darasani, mumlipe ujira wake na kumwita mwalimu, kwa maana ndivyo alivyo. Kisha wanafunzi waandike kila neno atakalolitamka. Mwisho wa muhula shule itakuwa na baiskeli inayokwenda, na sisi wa vyuo vikuu tutakuwa na orodha ya maneno ambayo hatukuweza kuipata maktabani.