Frigo ya sumaku tuiache kwanza, kuku wanakufa

Ndugu wanaushirika wa Kiambi, kuna maneno mengi sasa juu ya frigo ndogo ya sumaku, isiyo na kompresa, yenye kufikisha baridi kali kupita zote. Wengine wanauliza kama tuwaandikie wafadhili kuiomba, tutunzie chanjo za kuku. Mimi nasema hapana.

Kazi yake iko hivi. Chumvi fulani na madini kama gadolini, ukiviweka kwenye sumaku kali, vinapata joto. Unaliondoa lile joto, kisha unaondoa sumaku, navyo vinapoa kupita mwanzo. Mwaka 1933 huko Marekani, Giauque na MacDougall walifikia robo ya digrii tu juu ya mwisho wa baridi yote, ambao ni 273 chini ya sifuri. Ajabu kweli! Lakini chumvi yao ilipozwa kwanza kwa heliamu ya maji. Hiyo ni kazi ya maabara.

Hata chanjo ya Ebola inataka 60 mpaka 80 tu chini ya sifuri. Tangu Agosti 2018, kule Kivu Kaskazini na Ituri, walichanjwa watu zaidi ya 300,000. Ilifikaje vijijini? Ndani ya Arktek, chombo kama termosi kubwa, hakina mota wala waya, kinashika baridi siku kadhaa. Friza zilibaki mijini, penye jenereta na mafundi.

Sisi adui yetu ni kideri, ule ugonjwa wa Newcastle. Chanjo zake nyingi zinataka frigo ya digrii 2 mpaka 8. Ile ya I-2, inayotengenezwa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, inavumilia joto zaidi. Tone moja kwenye jicho la kuku, unarudia kila miezi mitatu au minne. Si ya kuanika juani, lakini: ifungwe kwa kitambaa chenye maji, ikae kivulini. Pesa ya ushirika iende hapo, na kwa usafiri wa wachanjaji.

Mfadhili akikazana na frigo, aombwe ile ya jua inayoshika baridi kwa barafu bila betri, maana betri ndiyo ya kwanza kufa (na ya kwanza kuibwa). Na kabla ya kusaini tumuulize: fundi yuko wapi, Kalemie ao Lubumbashi?

Hesabu ya kuku, nyumba kwa nyumba, ianze sasa, kabla ya kiangazi. Daktari wa mifugo hawezi kutuagizia chupa bila idadi.