Jani siyo kijani tu

Mie nimerudi kampasi juzi kutoka nyumbani Nyamiaga, Ngara, vumbi bado limo kwenye begi. Kimya changu mtanisamehe.

Leo nina hoja moja. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja kaona daftari langu la michoro, akacheka mpaka akakaa chini. "Mtu wa mwaka wa pili na penseli za rangi kama chekechea!" Sawa bwana. Ila mimi nasema penseli za rangi zinafundisha macho, na wengi wetu somo hilo lilitupita. Tulikaririshwa: mbingu bluu, jua njano, jani kijani, basi. Darasa la tatu nilichapwa kwa kupaka jani zambarau. Mpaka leo tukiambiwa tuchore mazingira tunachora ya kichwani, au tunanakili maua ya Ulaya kutoka kwenye simu.

Likizo hii nikakaa shambani nyuma ya nyumba, nichore mgomba. Siyo mchezo! Mishipa ya jani inatoka kwenye uti wa katikati, imepangana sambamba kama ukindu wa mkeka, na upepo ukilichana linafuata mistari hiyohiyo. Ukishaupata mpangilio huo, nusu ya kazi imekwisha. Hapo ng'ambo ya Rusumo, upande wa Rwanda, akina mama wa Nyarubuye wanatengeneza imigongo kwa samadi ya ng'ombe: pembetatu na zigizaga, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Rangi chache tu, mpangilio ndio unaobeba picha.

Mie nilianza na njano nyepesi jani zima, bila kukandamiza. Ukikandamiza mapema, nta ya penseli inaziba karatasi na rangi ya pili inateleza. Juu yake kijani, tena kijani kingine, halafu kwenye kivuli zambarau (ndiyo, ileile ya viboko). Nyeusi inaua mchoro, niaminini.

Sasa, mgomba mmoja ukanikatalia kijani. Njano ilishapanda mpaka katikati ya jani, na jani lenyewe limelegea. Nikapaka nilivyoona, tena nikajisifu kwa rangi nzuri. Jioni bibi akaangalia daftari, akanyamaza kidogo.

"Mgomba huu uko wapi, mjukuu wangu?"

Nikampeleka. Akakata shina kwa panga, tukasubiri. Yakatoka majimaji mazito ya njano. Mnyauko! Ugonjwa huu uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na hauna dawa ya kupuliza. Unang'oa shina lote, panga unalipitisha motoni, na migomba mizima unaikata ua dume kwa kijiti cha panda, maana panga linahamisha ugonjwa. Tuling'oa mashina matatu. Shamba hilo ndilo linalotulisha, na ndilo lililoninunulia godoro ninalolalia hapa.

Wiki nzima nilikuwa napita palepale kwenda kuchota maji. Nilikuwa naona kijani.

Kwa hiyo jamaa yangu wa chumbani acheke tu. Kesho nakwenda kukaa chini ya miembe pale nyuma ya maktaba, anayetaka aje na karatasi yake. Penseli yangu ya zambarau imebaki kipande cha ukucha, mwenye nayo anigee.