Si rezo peke yake

Hapa Sakania wengi tuko na kadi mbili mu simu: ya Congo na ya Zambia. Baba ako mgodini, mama anajaza fomu ya masomo ya mtoto. Rezo ya huku inaanguka, simu inarukia ya kule, fomu inakatika. Anaanza tena, mega zinaisha bule. Tunaambiwa: ni rezo.

Sisi tunasema: seva nayo iko na kosa. Kwa njia ya zamani, anwani ya simu ikibadilika, mazungumzo yanakufa. HTTP/3, iliyotangazwa Juni 2022, inatumia QUIC: mazungumzo yako na namba yake, kwa hiyo yanaweza kuendelea ku anwani mpya.

Nginx, programu ya seva isiyolipiwa, inaijua tangu 2023. Wenye kuchunga seva wafungue mlango 443 wa UDP, waache HTTP/2 kwa simu za zamani, kisha wajaribu fomu zao hapa mpakani, si mu biro tu.

Mchimbaji akiona kamba imechakaa, halaumu shimo. Anabadilisha kamba.