Haidrojeni na Nikeli Yetu

Wilaya ya Kisarawe, ambamo imo kata ya Msimbu, kwa miaka mingi imekuwa ghala la mkaa wa Dar es Salaam. Na mkaa wa bara huvushwa pia hadi Unguja. Katika mkakati wake wa mwaka 2024, Serikali ilitamka kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Miongoni mwa nishati zinazosifiwa sana duniani ni haidrojeni. Hapana budi tuipime kabla ya kuishangilia.

Haidrojeni safi hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji. Kilo moja huhitaji uniti zipatazo 50 au zaidi. Wananchi wa Unguja, waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika, hawahitaji kufundishwa thamani ya uniti hizo. Ni dhahiri, basi, kwamba haidrojeni si ya jikoni: umeme huo ukitumika moja kwa moja utapika zaidi. Mahali pake ni viwandani, hasa katika kutengeneza mbolea.

Hata huko, gharama hutegemea kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Mitambo ya tindikali hutumia oksaidi ya iridiamu, madini adimu na ghali mno. Mitambo ya alkali hutosheka na oksaidi za nikeli na chuma. Oksaidi ya shaba nayo yaweza kusaidia kugeuza hewa ya ukaa kuwa malighafi ya plastiki, ingawa kazi hiyo ingali zaidi ya maabara.

Nikeli tunayo Kabanga, wilayani Ngara. Mkataba wa Januari 2021 uliipa Serikali asilimia 16 ya hisa za Tembo Nickel, na usafishaji ukapangwa kufanyika Kahama. Hilo ni jema, lakini nikeli iliyosafishwa bado si kichocheo. Tusipowasomesha wakemia wetu na kuwapa maabara, tutaiuza nikeli na kuinunua tena ndani ya mitambo ya wengine, kama tulivyozoea kuuza pamba na kununua vitambaa.

Wakuu wa Serikali na wapange kwa utaratibu. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ufike kwanza, kwa bei nafuu, katika majiko ya Msimbu na ya visiwani. Ziada ndiyo iende kwenye haidrojeni. Misitu ya Kisarawe haiwezi kungoja maabara.