Kabati juu ya kichwa cha mama mkwe

Mwezi huu tuache kidogo habari za wivu na simu za usiku, tuongee kabati. Ndiyo, kabati. Tangu mume wangu aamue kuigeuza Hiace yetu iwe chumba cha kulala chenye magurudumu, hapa Mzumbe tumebishana kuhusu kabati la juu kuliko tulivyowahi kubishana kuhusu pesa.

Wazo lilikuwa zuri. Kiti kimoja cha nyuma kibaki, usiku kilazwe kiwe kitanda, vitu vikae juu pembeni mwa paa. Wikiendi Mikumi, sikukuu Mgeta. Upana wa ndani ni kama meta 1.5, hivyo kabati la sentimeta 25 kila upande linaacha meta 1 katikati. Ukizidisha, anayeamka usiku anajigonga, na mtu aliyejigonga saa nane za usiku hana mahaba.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa mbao. Yeye anataka mninga. Jamani, mninga ni wa kitanda cha harusi! Ni mzito, na uzito wa juu ndio unaoliyumbisha gari kwenye kona. Tukachukua plaiwudi ya milimita 9 na fremu ya paini, mti unaopandwa kwa wingi Sao Hill kule Mufindi.

Wa pili ndio ulikuwa ugomvi hasa. Bwana anataka jeki, spana na mtungi wa gesi wa kilo 6 viingie humo humo juu. Hizo kilo 6 ni za gesi tu, chuma hakijahesabiwa. Halafu chini ya kabati hilo atakaa mama yake mzazi tukimpeleka Mgeta, na ukikata Sangasanga ukaipita Mlali, kilichobaki ni kupanda na kona. Huku Uluguruni ukoo hufuata upande wa mama. Kichwa cha mama si cha kufanyia majaribio.

Fundi akatuamua. "Shemeji, mimi kwenye bati sifungi." Bati la bodi ni jembamba, skrubu hung'oka. Akafungua plastiki ya ndani, akaangalia nyaya za taa zinapita wapi, ndipo akatoboa kwenye mbavu za chuma zinazopanda hadi kwenye paa. Bolti na washa pana, na kila tundu likapakwa rangi kwanza lisishike kutu. Milango ya sumaku nikaikataa, hiyo ni ya nyumbani. Tukaweka komeo za kubonyeza, na kwa ndani ukingo wa sentimeta 4 vitu visiteleze.

Nikadai jambo moja zaidi: kabla mama hajapanda, tujaze mifuko ya mchanga, mizito kuliko mizigo yetu, tukapite kwenye matuta ya barabara ya Iringa. Mwenzangu akaona simwamini, akanuna kutwa nzima. Mwache anune. Tuliporudi, bolti moja ilikuwa imelegea. Ikakazwa.

Sasa juu ni nguo, mashuka na sahani za plastiki. Jeki iko chini. Mtungi umefungwa wima karibu na tundu la hewa la sakafuni, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini.

Siku ya safari mama mkwe aliketi, akatazama juu, akaligonga kabati kwa kidole mara mbili.

"Hili amelifunga nani?"

"Mimi, mama," akajibu mwanawe.