Hiyo fomu imenipima mimi ama shifti yangu?

Wasee, mshawahi jaza PHQ-9? Maswali 9 ya dipresheni, kila moja unajipa 0 hadi 3, halafu unajumlisha. Ukigonga 10, mara nyingi unaambiwa uchunguzwe zaidi.

Mimi niliijaza nikipiga shifti za usiku. Usingizi, 3. Uchovu, 3. Bana, hiyo ilikuwa kazi!

Mwaka 1969 Fumiko Samejima alitoa modeli ya majibu ya ngazi kama haya. Inabashiri: kati ya watu wenye dipresheni ya kiwango fulani, wangapi watachagua 0, 1, 2 ama 3? Unalinganisha na majibu halisi, swali kwa swali. Pengo likiwa kubwa, huenda hilo swali linapima kitu kingine pia. Lakini usikimbilie kusema modeli imefeli. Ukiwa na watu elfu kumi, hata kapengo kadogo kataonekana kwa hesabu. Chora grafu uone ukubwa wake.

Mtafiti akiniletea asilimia ya vijana wa Nairobi wenye dipresheni, namuuliza: ulikagua haya kwa majibu yetu, ama ulijumlisha tu?

Na kama ulipata alama za juu, enda umwone daktari. Ugomvi wangu ni na hesabu.